Mechi Tuliyoipanga Mezani Kwangu

Sitaki mtu aniambie eti ni mpira tu. Mchungaji ameniambia hivyo. Mdogo wangu aliye Nakuru ameniambia hivyo kwa simu. Na mkurugenzi wa chuo, yule aliyeizika timu yangu huku akitafuna biskuti, naye aliniambia hivyo hivyo. Mpira tu, madam. Haya, basi na ndoa ni pete tu. Nina hasira na jambo hili mpaka leo, na nitalieleza nikiwa nayo, kwa sababu nikingoja ipoe sitalieleza kamwe.

Nafundisha upishi wa hoteli katika chuo kidogo cha mtu binafsi katikati ya Johannesburg, ghorofa mbili juu ya duka la mablanketi, mwendo wa dakika kumi kwa miguu kutoka Joubert Park. Si chuo cha kujivunia. Lifti ilikufa kabla sijaajiriwa, na jiko letu la mazoezi lina sehemu nne za kupikia, mbili ndizo zinazowaka. Wanafunzi wetu wengi ni watu wa kwetu, ukilichukua neno hilo kwa upana wake: Wakongo, Warundi, Watanzania, Wakenya wachache, watu waliofika mji huu na vyeti ambavyo hakuna anayetaka kuviangalia. Kwangu wanajifunza kukata kitunguu kwa namna ya hoteli, na Jumatano mchana, saa mbili nzima, wasichana walikuwa wanacheza mpira. Timu hiyo niliianzisha mimi. Nilicheza beki wa kushoto nilipokuwa chuo cha ualimu Kenya, enzi ambazo msichana mwenye njumu aliangaliwa mara mbili barabarani. Wananiita Mama Kocha.

Ligi yetu ni ya vyuo vidogo vya mjini, wote maskini sawa, na humo tulikuwa tunajiweza. Tatizo ni vyuo vikuu. Wao wana ligi yao, wana viwanja vya nyasi, wana mtu wa kukanda misuli, wana basi lenye rangi za chuo. Lakini kila mwanzo wa mwaka, kabla ligi yao haijaanza, hutafuta timu ndogo za nje ya ligi hiyo za kupashia miguu. Wanatuma barua nzuri ya mwaliko. Wanatupa maji ya chupa na machungwa yaliyokatwa. Halafu wanatufunga mpaka mwamuzi mwenyewe anaona haya. Mpishi yeyote atanielewa nikisema sisi ni ile chapati ya kwanza, ya kupimia moto wa kikaango. Hakuna anayejali ikiungua.

Mwaka uliotangulia tuliungua kweli kweli. Tisa kwa sifuri. Kuna mtu alipiga video ya goli la saba, kipa wetu akiwa ameinama anafunga kamba ya kiatu na mpira unampita pembeni, na video hiyo ikazunguka kwenye simu za watu mpaka ikamfikia mkurugenzi kupitia kwa mkwewe. Kwa hiyo barua ya mwaka huu ilipoingia, kutoka chuo kikuu kile kile, aliniita ofisini. Akachovya biskuti kwenye chai akasema tucheze, hawezi kukataa mwaliko wa wakubwa, lakini tukifungwa zaidi ya magoli matatu, timu basi, na saa za Jumatano zitakuwa za kompyuta. Matatu anaweza kuyaeleza mbele za watu, alisema, la nne hawezi. Nikamwuliza kama anafanya mzaha. Ndipo akaniambia ni mpira tu, nisiuweke moyoni.

Ebu nieleze kwa nini niliuweka moyoni. Nahodha wangu alikuwa msichana wa Bukavu, beki wa kati, mrefu, mpole wa maneno. Asubuhi anasuka watu nywele kwenye kiti cha plastiki karibu na bustani, mchana anakuja darasani vidole vimevimba, jioni anarudi kusuka. Kila anapokwenda kuna mtu wa kumwuliza karatasi: polisi, mwenye nyumba, nesi wa kliniki. Siku moja tulipokuwa tunakusanya mipira aliniambia kwamba uwanjani hajawahi kuulizwa karatasi. Anayekuja mbio kwako anataka mpira, alisema, na mpira unaweza kumnyima. Wenzake walikuwa na yao pia, kila mmoja na lake, na Jumatano ndiyo siku niliyowasikia wakicheka. Nikaapa kwamba tutafungwa mawili, tutafungwa hata matatu, lakini la nne haliingii.

Sasa binti yangu. Hapa ndipo panaponiuma.

Nilimzaa hapa hapa Johannesburg. Tunaishi wawili tu, tangu baba yake aende Kenya kumzika mama yake na akaona bora abaki huko, kwa sababu ambazo hazifai kuandikwa. Mtoto akiwa na miaka mitano zilikuja zile wiki mbaya, watu wa nje wakipigwa, spaza zao, viduka vya mitaani, zikivunjwa mchana kweupe. Siku moja tukiwa kwenye foleni dukani akaniuliza kitu kwa Kiswahili, kwa ile sauti ya watoto isiyojua kunong'ona. Watu wawili wakageuka kutuangalia. Nikamfinya mkono mpaka machozi yakamtoka. Tulipofika nyumbani nikamwambia lugha ile, nje ya mlango huu, sitaki kuisikia tena kinywani mwake. Akatii kuliko nilivyotaka. Aliiacha hata ndani ya mlango. Mpaka anatimiza miaka ishirini hakuwahi kunijibu kwa Kiswahili hata salamu. Nikimwita anakuja, nikimtuma anakwenda, lakini mdomo ni Kiingereza, na akiwa na wenzake ni isiZulu.

Nyumba zetu nyingi hapa ziko hivyo, na wazazi tumejifunza kulitumia jambo hilo. Kiswahili ndicho pazia letu. Mtoto yuko sebuleni na simu yake, wewe unaongea habari za ndoa ya jirani inayovunjika, habari za ugonjwa wako, habari za mtoto mwenyewe, na hushushi sauti. Ya nini? Mdogo wangu akipiga simu mimi huweka spika, naendelea kupika, namweleza yote. Huyu wa kwangu ni wa huku, nilikuwa nikisema, si wetu huyu. Sura ni yetu, kichwa ni cha huku. Naye yuko pale pale mbele yangu anakata karoti. Mdogo wangu anacheka, nami nacheka.

Mpira aliurithi kwangu, hilo hakuna wa kuninyang'anya. Nilimfundisha kupiga pasi kwenye korido ya jengo letu mpaka majirani wakatushtaki. Chuo kikuu kikamchukua kwa ajili ya miguu yake na kikamsomesha, na wala sihitaji kuwaambia ni chuo kikuu kipi. Ndicho hicho. Msimu mmoja kabla ya mechi hii aliumia goti la kushoto. Ni mimi niliyelikanda kwa barafu jioni baada ya jioni, amelaza mguu mapajani mwangu tukiangalia televisheni. Daktari alimruhusu kurudi uwanjani, lakini akiguswa upande ule alikuwa bado anaogopa, anajikunja kabla hata hajafikiwa. Hakumwambia kocha wake, asije akaachwa. Aliniambia mimi.

Jumapili iliyotangulia mechi, baada ya ibada, niliwaita nyumbani kipa na mabeki wanne, nahodha akiwemo. Nilipika pilau. Tulipokwisha kula tukaipanga mechi pale pale mezani kwa vikombe na bakuli la sukari. Nikawaambia ukweli: mbio hatuna, miili hatuna, nyasi za kufanyia mazoezi hatuna. Tuna lugha. Kule hakuna anayejua Kiswahili hata mmoja. Basi tukachagua maneno ya jikoni. Nahodha akiita "chumvi", mabeki wote wanapanda mbele kwa mkupuo mmoja, na mshambuliaji wao anabaki nyuma yetu ameotea. Akiita "chapati", mpira unageuzwa upande wa pili wa uwanja bila kuangalia. Akiita "mama mkwe", hakuna kumsogelea mwenye mpira, tunarudi nyuma kwa heshima zote na kuziba njia ya goli. Hilo la mama mkwe waliliangulia kicheko mpaka kipa akapaliwa na chai. Tukarudia na kurudia, vikombe vinakwenda na kurudi, mpaka kila mtu akawa anasogeza chake kabla sijamaliza neno.

Binti yangu alikuwepo. Alitoka chumbani kwake, akawasalimia kwa Kiingereza, akaondoa sahani, akaleta thermos. Ndiyo, nilijua anachezea upande ule. Lakini msimu huo walikuwa wamemweka benchi, na hata angeingia, alikuwa mwanangu, na Kiswahili hana. Nahodha alimfuata kwa macho, halafu akaniinamia.

"Mama," akasema polepole, "huyu mutoto anasikia."

"Huyu?" nikasema, na sauti sikushusha. "Huyu hasikii hata akiitwa kula."

Wakacheka. Kisha beki wa kulia, Mtanzania mwenye mdomo wake, akauliza na huyu je, akiingia tumfanyeje? Lilikuwa swali la mpira, nami nikalijibu kama kocha. Nikasema msimwogope, huyo ni mbio tu. Goti lake la kushoto halijapona. Mwendee upande huo mara moja, mapema, umguse vizuri, na baada ya hapo atakimbia nusu nusu mpaka mwisho. Nilisema hayo huku nikipokea kikombe kutoka mkononi mwake. Hata usoni sikumwangalia.

Walipoondoka alikuja akasimama kwenye mlango wa jiko. Akaniuliza, kwa kile Kiingereza chake, kama kuna neno ninataka kumwambia kabla ya mechi. Nikamwambia aoshe thermos vizuri, imeanza kunuka.

Mechi ilikuwa Jumamosi mchana, kwenye uwanja wao. Mkurugenzi alikuja. Alipewa kiti kivulini upande wa wenyeji, na kwa kweli alipendeza, amevaa koti, anapeana mikono na wakubwa kana kwamba yeye ndiye aliyetufundisha. Mimi nilisimama kwenye mstari na chupa yangu ya maji. Binti yangu alikuwa kwenye benchi lao, ng'ambo ya uwanja. Alinipungia mkono, nikampungia.

Kipindi cha kwanza, jamani, mngekuwepo. Wale wasichana wa kwao walikuwa wakubwa, wameshiba, wanakimbia kama wamelipwa kwa hatua. Lakini kila walipofika kwetu wanamsikia nahodha: chumvi! Na mabeki wangu wanapanda, wote wanne, na kibendera kinapaa. Mara ya kwanza walidhani ni bahati. Mara ya tano kocha wao akatupa kofia chini. Tukaita chapati, mpira ukahama upande, tukavuka nusu ya uwanja kwa pasi nne, kitu ambacho mwaka uliotangulia hatukufanya hata mara moja. Walipata goli moja kwa kona, kipa wetu alizibwa, halikuwa kosa la mtu. Tukaenda mapumziko moja kwa sifuri. Nahodha alikaa kwenye nyasi akizipapasa kwa kiganja, anacheka peke yake. Mkurugenzi akaja mpaka kwetu, akasema tunamheshimisha.

Kipindi cha pili kilipoanza tu wakamwingiza binti yangu. Hakuwa amegusa mpira mara mbili, beki wangu wa kulia akamwendea kama nilivyomwagiza. Mguu wa kushoto, kwa nje, si rafu ya kadi lakini ya kusikika. Alianguka akashika goti. Nasema ukweli kwa kuwa nimeamua kusema: nilisema kimoyomoyo, safi, kazi imekwisha. Alikaa pale chini kidogo. Aliposimama hakumwangalia aliyemgonga. Aliniangalia mimi.

Halafu akaanza.

Nahodha akaita chumvi. Mabeki wakapanda, na binti yangu, badala ya kukimbia mbele kama wenzake waliotangulia, akatulia, akarudi nao hatua kwa hatua asiachwe nyuma yao, mpira ukarushwa juu yao ndipo akaondoka. Kibendera hakikupaa. Mawili. Nikajiambia imetokea tu. Tukaanza mpira tena, tukaita chapati, na kabla mpira haujatoka mguuni mwa msichana wetu binti yangu alishafika upande wa pili, anaungoja. Akaukata, akampa mwenzake, matatu. Tukaita mama mkwe, naye akawaashiria wenzake kwa mkono wapige kutoka mbali, wana nafasi. Kipa wangu aliokoa mbili za namna hiyo, ya tatu ikagonga mwamba. Hapo nikaelewa. Kila neno letu alikuwa nalo, na kila kikombe cha mezani kwangu alikuwa anajua kimekaa wapi.

Sijui kama nitaweza kueleza vile inavyokuwa. Mume akikuacha, angalau ni mtu uliyemkuta mtu mzima. Huyu nilimtoa mwilini mwangu. Nilikuwa nimewaambia wasichana wangu kwamba nyumba yangu ni nyumba yao, wamekula pilau yangu, na aliyewaletea chai ndiye anayewamaliza. Na alijua! Kama alisikia chumvi na chapati, basi alisikia pia habari ya goli la nne, maana nilishaililia kwenye simu wiki nzima, spika imewekwa. Alijua saa za Jumatano zinakufa. Alimjua nahodha.

Zilikuwa zimebaki kama dakika kumi na tano. Nikaanza kukimbia kando ya mstari, mtu mzima mimi, skafu imenianguka, na nikapiga kelele kwa Kiswahili mbele ya uwanja mzima: "Kushoto! Mgongeni kushoto, goti hilo!" Alikuwa karibu nami kiasi cha kuniona meno. Akageuka akanitazama tena, mara ya pili siku ile. Kisha mpira ukamjia.

Aliyekuwa mbele yake ni nahodha. Walikuwa wawili tu, na kipa nyuma. Nahodha alifika kwa wakati wake, mguu umeinuka, na goti lenyewe liko wazi pale, hata mimi nililiona. Akaurudisha mguu. Aliurudisha kwa makusudi, akasimama, na binti yangu akampita na kufunga la nne bila hata kupiga kwa nguvu. Mpira uliingia unabingirika.

Nilimfuata nahodha filimbi ilipolia. Nikamwuliza kwa nini, yeye wa kwanza kati ya wote, kwa nini. Alikuwa analia, lakini aliongea bila kukatika.

"Mama," akasema, "ni mutoto wako."

Nikamwacha pale pale. Niliona na yeye amenigeuka.

Habari ya mkurugenzi niimalize hapa hapa, maana ni fupi. Jumatatu aliniita, biskuti, chai, akasema yeye ni mtu wa neno lake. Mipira imefungiwa kwenye kabati la kompyuta. Jumatano mchana nahodha wangu anajifunza kuchapa, vidole vile vilivyovimba, na akikutana nami kwenye ngazi ananiamkia kama kawaida.

Nirudi Jumamosi. Binti yangu angerudi na basi la chuo, lakini alikuja mpaka kwenye gari langu na begi lake, goti limefungwa barafu kwa plastiki, akaketi kiti cha mbele. Nikawasha gari. Tukatoka. Na nilipoanza kuendesha, hasira ikanipanda, nikafanya kile ninachofanya siku zote: nikaanza kusema naye akiwepo, kwa Kiswahili, nikitazama barabara. Nikasema nimenyonyesha mtu miaka miwili, leo ananivua nguo mbele ya watu. Nikasema damu ya baba yake hiyo, damu ya kukimbia. Nikasema nilijua tangu zamani huyu si wetu, ningeacha hata kumpikia chakula chetu. Nikasema mengi. Tukafika kwenye robot, ndivyo huku wanavyoziita taa za barabarani, ikawa nyekundu, nikasimama, bado naendelea.

"Mama," akasema, "nakusikia."

Kwa Kiswahili. Na si Kiswahili cha hapa, cha kuchanganya changanya. Kilikuwa kile cha polepole cha mama yangu, marehemu, aliyekuwa akinipigia kila Jumapili na kusikika nyumba nzima kwenye spika. Sauti ile ile ya kuburuta kidogo mwisho wa neno.

Nikauliza swali la kijinga, nikasema tangu lini. Akasema tangu siku zote. Nikamwuliza basi kwa nini miaka yote hii hajafungua mdomo, ananiacha nazungumza mbele yake kama mjinga. Akanikumbusha foleni ya dukani. Akasema mimi ndiye niliyemkataza kuongea, na kusikia hakuna aliyemkataza. Robot ikawa kijani, taxi nyuma yetu ikapiga honi, nikaondoa gari bila kujua nimeondoaje.

Kisha nikalipuka. Nikamwambia ameua timu yangu, na ameiua akijua. Akasema ndiyo, alijua. Hakukana hata kidogo. Alikuwa anahangaika na maneno, anayatafuta moja moja, lakini hakurudi kwenye Kiingereza.

"Nilitaka niseme kwa kocha naumwa, nisicheze," akasema. "Jumapili nilikuuliza kama una neno. Nilingoja useme wasiguse goti. Leo wakaligusa, nikakuangalia. Nikasema Mama atawaambia basi, imetosha. Ukasema kushoto."

Nilijibu upesi, kama mtu anayeondoa mkono kwenye sufuria ya moto.

"Huo ulikuwa ni mpira tu," nikasema.

Nililisikia likitoka. Yeye aliinamisha kichwa akaanza kukaza plastiki ya barafu iliyokuwa inalegea, maji yanamtiririka mpaka kwenye soksi, na tukaenda hivyo mpaka nyumbani.

Nimeandika kwamba nina hasira, na ninayo. Alinigeuka. Wapo watakaosema mimi ndiye niliyeanza, na labda ni kweli, lakini yule mtoto alikaa katika nyumba yangu miaka ishirini akiniacha nimwage moyo wangu wote mezani, na hakuwahi hata kukohoa kuniambia yupo. Kila nilichosema juu yake alikuwa anakiokota na kuondoka nacho chumbani. Kuna siku namwonea huruma na kuna siku naona ameniibia. Siku nyingine vyote viwili vinanijia kabla ya chai.

Jioni ile, jua halijatua, mdogo wangu akapiga kutaka matokeo. Nilikuwa jikoni. Binti yangu alikuwa mezani, mguu juu ya kiti, anakula pilau baridi ya jana. Kidole changu kikaenda kwenye spika kwa mazoea, nikakizuia. Nikashika simu sikioni, nikatoka nayo mpaka kwenye korido, nikauvuta mlango nyuma yangu lakini haukufunga sawasawa. Mdogo wangu alikuwa ameshaanza, anauliza, haya niambie, mmeponea au mmefungwa?

"Mama," sauti ikatoka ndani, "msalimie mama mdogo."

Mdogo wangu akauliza ni nani huyo aliyesema, mbona anaongea kama marehemu mama.

Nikamwambia ni mtoto wangu.